Kituo cha tiba ya viungo kisiwani Mombasa: jiko lake limenifaa kuliko mashine zake

Nimeugua baridi yabisi kwa miaka minne sasa, na kwa wiki 12 zilizopita nimekuwa nikihudhuria kituo kimoja cha fiziotherapia hapa kisiwani Mombasa, mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza na mara moja kwa wiki baada ya hapo. Jina la kituo silitaji. Nina malalamiko ambayo nimeyafikisha kwa wenyewe kwa mdomo na kwa maandishi, nao wameomba wapewe muda wa kurekebisha, na kwenye kuku wengi hapamwagwi mtama. Hata hivyo huduma yenyewe inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wagonjwa wengi wa viungo katika mji huu huishia kwenye vidonge na mafuta ya kuchua bila kujua kwamba ipo huduma ya namna hii, na wengine huiendea kwa matarajio yasiyo sahihi, kama nilivyoiendea mimi.

Baridi yabisi, licha ya jina lake, haitokani na baridi. Kila jirani amenieleza kwamba nimeipata kwa kuoga maji ya alfajiri, au kwa kulala sakafuni wakati wa joto la kaskazi, au kwa kuelekeza feni miguuni, nami nimechoka kubishana. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando laini unaokizunguka kiungo kwa ndani. Utando huvimba, na usipodhibitiwa huanza kuila gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, na hatimaye mfupa wenyewe. Hupenda kuanzia kwenye vifundo vidogo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, na dalili yake iliyo wazi ni kukakamaa kwa asubuhi kunakoweza kudumu saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na kwamba takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwangu ugonjwa huu ulijitangaza siku chaki iliponiponyoka mara tatu katika kipindi kimoja na wanafunzi wa mbele wakaanza kuniokotea bila kuagizwa.

Dawa zangu huandikwa na daktari bingwa wa Nairobi, kwa kuwa madaktari wa magonjwa haya nchini ni wachache na wengi wao wako huko, na kila baada ya miezi mitatu hupanda treni ya SGR pale Miritini kwenda kumwona. Naanza na dawa kwa sababu kituo nacho kilianza nazo. Siku ya kwanza kijana aliyenipokea, mtaalamu wa fiziotherapia ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, hakuugusa mkono wangu kabla ya kuniomba nitoe dawa zote zilizomo mkobani na kuzipanga mezani. Aliishika pakiti ya methotrexate akaniuliza, "Mwalimu, hii unaimeza siku gani?" Nikamjibu kuwa ni Ijumaa usiku, baada ya Isha. Aliandika, akauliza kama ninameza na asidi ya foliki, kisha akataka kujua ni lini nilipimwa damu na ini kwa mara ya mwisho. Baadaye alinieleza kwamba huuliza "siku gani" wala haulizi "mara ngapi", kwa sababu dawa hiyo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki, na mtu anayeimeza kila siku kwa kudhani ni sawa na vidonge vingine anaweza kudhurika vibaya, hata kupoteza maisha. Swali la siku humfichua aliyekosea bila kumwaibisha. Yeye hana mamlaka ya kuandika dawa na hakujifanya kuwa nayo. Lakini mtu anayejali kiasi hicho jambo lisilo la malipo yake alinitia imani kabla hajafanya lolote.

Upimaji wa siku hiyo ulichukua saa moja na robo na uligharimu Sh2,500. Kituo hakina kile kifaa cha chuma cha kupimia nguvu za mkono. Walitumia mkanda wa kupimia presha, wakauviringisha, wakaujaza upepo mpaka mshale wa kipimo ukasimama kwenye 20, nami nikaufinya kwa nguvu zangu zote. Mkono wa kulia ulifika 64 na wa kushoto 58. Nilidhani ni umaskini wa vifaa, kumbe njia hiyo ni ya siku nyingi na inawafaa wenye mikono inayouma, kwa kuwa mkanda ni laini ilhali chuma chenyewe huumiza hata kabla ya kubanwa. Kisha niliketi na kusimama bila kujishika, mara nyingi kadiri nilivyoweza ndani ya nusu dakika. Nilimaliza mara 8, nikihema.

Hojaji ndiyo iliyofuata, na hapa niliona udhaifu na uhodari wa mahali hapa kwa wakati mmoja. Ni fomu ya maswali 20 katika mafungu 8, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1980, nayo hutumika katika nchi nyingi kupimia jinsi ugonjwa wa viungo ulivyomzuia mtu kutenda mambo yake, kila fungu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Fomu waliyo nayo ni ya Kiingereza. Mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani yule anayemfundisha mgonjwa namna ya kutenda shughuli za kila siku kwa viungo alivyobaki navyo, alinisomea akiifasiri papo kwa papo, na nilimwona akihangaika. Je, unaweza kufungua mlango wa gari? Sina gari. Unaweza kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza? Nyumba zetu za Majengo tangu lini zikawa na bafu la kujilaza? Unaweza kufungua boksi jipya la maziwa? Hilo naweza, kwa meno. Alicheka, akajaza alichoweza kujaza, kisha akaisukuma fomu kando, akachukua karatasi tupu na kusema, "Sasa niambie jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, mikono yako ilifanya nini."

Swali hilo lilituchukua dakika 20. Kufungua bomba la kutawadhia. Kukanda unga. Kupandisha mtungi wa maji ghorofani. Kufunga vifungo vya buibui. Chaki. Madaftari 46 ya kusahihisha. Kukuna nazi, kukamua tui, kuipua sufuria. Kuinuka kutoka kwenye sijida. Kufunga leso. Alipiga duara mambo matano yaliyonitesa zaidi, na mpango wangu wote wa matibabu ulijengwa juu ya maduara hayo.

Kituo kina vyumba viwili vikubwa. Chumba cha mbele kina mashine, na bila shaka ndicho kinachowavutia watu wanapochungulia: bakuli la umeme lenye nta iliyoyeyushwa, taa nyekundu ya joto, kisanduku cha kutuma umeme mdogo kwenye ngozi, na baiskeli mbili za kukalia. Nta nimeitumia mara nne, kwa Sh800 kila mara juu ya ada ya kawaida. Unachovya mkono kwenye joto la nyuzi 52 hivi, unautoa, unauchovya tena mara kadhaa mpaka uvae glavu nyeupe ya nta, kisha unafungwa nailoni na taulo kwa dakika 15. Raha yake siikatai. Vidole hulegea kama vya mtoto aliyelala, na mazoezi yanayofuata huwa mepesi. Ila raha hiyo kwangu haikuvuka Adhuhuri hata siku moja, na mtaalamu mwenyewe alikiri kwamba nta haizuii ugonjwa kusonga mbele, bali humwandaa mgonjwa kwa kazi. Baada ya mara ya nne niliacha, na hakunishawishi niendelee, jambo ambalo nalihesabu kuwa sifa.

Nalihesabu hivyo kwa sababu nina kovu la mahali pengine. Miaka miwili nyuma, kabla ya kupata dawa sahihi, nilikwenda mahali ambapo nilifungwa mfuko wa maji ya moto kwenye kifundo cha mkono kilichokuwa kimevimba, chekundu na chenye joto tayari, kisha kikachuliwa kwa nguvu, na nililala siku tatu nikiwa siwezi kushika kijiko. Kiungo kilichopamba moto hakiongezewi moto. Hupumzishwa, na ubaridi wa barafu iliyofungwa kitambaani huwafaa wengi zaidi. Sina ugomvi na wachuaji wetu wala na mafuta ya karafuu, ambayo mgongoni ni neema. Lakini fiziotherapia nchini Kenya ni taaluma yenye sheria yake tangu mwaka 2014 na anayeifanya sharti awe amesajiliwa; katika kituo hiki leseni zimetundikwa ukutani mapokezi, na mgonjwa ana haki ya kuzisoma kabla ya kuvua viatu.

Chumba cha pili ni jiko. Nilipofunguliwa mlango nilidhani tumekosea njia: meko ya gesi, meza mbili za kimo tofauti, sufuria, mwiko, kifumbu, vibao, sinki lenye mabomba ya namna tatu na, kwenye kona, mbuzi ya kukunia nazi. Humo ndimo nilimopata thamani ya fedha zangu.

Mtaalamu wa tiba ya kazi alinipa nusu ya nazi na kuniambia nikune kama ninavyokuna nyumbani, asiseme neno. Alitazama kwa dakika mbili, kisha akanisimamisha na kunishika mkono juu ya kifuu. Alinionyesha kwamba kila ninapokizungusha kwenye meno ya mbuzi, vidole vyangu vinasukumwa kuelekea upande wa kidole kidogo, na kwamba huo ndio upande ambao baridi yabisi huvivuta vidole mpaka vikapinda. Yaani kila nazi niliyoikuna kwa miaka minne ilikuwa ikiusaidia ugonjwa kazi yake. Tulianza upya. Kitambaa kinene kikatiwa kati ya kiganja na kifuu ili nisilazimike kubana sana. Viganja vyote viwili juu, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, viwiko karibu na mbavu, na mwendo ukitoka mabegani, mbele na nyuma, si kwa kuzungusha. Hatua fupi, kisha pumziko. Nazi ilikunwa kwa uchelewevu wa kukera, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwa adabu zote, "Mama, kuna njia ya haraka zaidi: kuna maduka yanakuna kwa mashine." Nilichukia kidogo. Mama yangu hakuwahi kununua nazi iliyokunwa na mtu mwingine. Sasa siku za shule nanunua, na Jumapili nakuna mwenyewe kwa njia niliyofunzwa.

Tui nalo lina fundisho lake. Sikamui tena kwa kunyonga; naweka kifumbu ndani ya bakuli, naegemeza kiganja na uzito wa mwili juu yake, na tui linatoka vilevile. Sufuria ya pilau siiipui kwa masikio yake kwa vidole. Nateka kwa upawa mpaka iwe nyepesi, au naisukuma juu ya meza iliyo kimo kimoja na meko. Unga wa chapati umegeuzwa kuwa dawa: mtaalamu alinifundisha kuukanda kwa kisigino cha kiganja badala ya ngumi, na kubakisha donge dogo laini la kufanyia mazoezi ya vidole, kuubana, kuuviringisha, kuutanua kwa vidole vilivyofunguka. Niliuliza kama hayo ni mazoezi ya kweli au ni ya kunifurahisha, na nikaelezwa kuhusu utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 490 wa baridi yabisi ya mikono, ambao ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha mikono pamoja na dawa zao walikuwa na uwezo zaidi wa mikono baada ya mwaka kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kwangu dakika 15 kila jioni, nikiwa nasikiliza habari, si mzigo.

Kanuni waliyonipa ya kujipimia ni rahisi na nimeifundisha nusu ya ukoo: maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, zoezi lilikuwa kubwa mno, kesho punguza, wala usiache.

Kuhusu maji, yeyote anayeishi kisiwani anajua kwamba bomba hukauka bila taarifa na kwamba mkokoteni wa maji hukuletea mitungi ya lita 20 mpaka mlangoni, si mpaka jikoni. Lita 20 ni kilo 20, zinazobebwa na vidole vinne. Shauri la kituo lilikuwa kumimina nusu kwa nusu kwenye vidumu vya lita 5 kwa kutumia mpira, bila kuuinua mtungi, na kukibeba kila kidumu kwa kukikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Safari huwa nyingi. Kijana wa jirani ameona nikipanda na kushuka, na sasa mitungi huifikisha mwenyewe. Sijui kama hilo nalo niliingize katika mafanikio ya kituo.

Katika suala la swala walikuwa waangalifu kuliko nilivyotarajia. Mtaalamu wa tiba ya kazi si Mwislamu, na alitangulia kusema kwamba hukumu ya kuswali kwa kiti ni ya kuulizwa imamu na si yeye. Alichonifundisha ni namna ya kuinuka: badala ya kukandamiza viganja sakafuni huku kifundo cha mkono kimepinda kwa nyuma, ambako ndiko kulikokuwa kukinitoa machozi, najisukuma kwa kufunga ngumi laini na kuweka kifundo kikiwa kimenyooka, au kwa sehemu ya mbele ya mkono nzima, goti moja likitangulia. Mkeka mnene chini ya magoti. Imamu wa mtaa wetu hakuona tatizo lolote, na sasa nusu ya wazee wa safu ya nyuma hujiinua hivyo.

Gango la usiku lilinigharimu Sh4,500. Ni bamba la plastiki maalumu linalolainishwa kwa maji ya moto ya nyuzi 70 hivi, kisha likafinyangwa juu ya mkono wako mwenyewe likiwa vuguvugu na kukaushwa kwa dakika chache. Lengo ni kuupumzisha mkono katika mkao mzuri ugonjwa unapopamba, si kuuvaa maisha yote, kwa kuwa mkono usiotumika hudhoofika. Kazi ilikuwa safi, kingo zimelainishwa, mikanda inafunguka kwa kuvuta na si kwa kubana. Tatizo ni Mombasa: usiku wa Machi, bila upepo, mkono uliofungwa plastiki hutokwa na jasho mpaka upele ukatoka. Walipaswa kunipa soksi ya pamba ya kuvaa ndani tangu mwanzo, na waliitoa nilipolalamika. Kwa wasio na uwezo wa bei hiyo hutengeneza gango la aina nyingine kwa kipande cha bomba la plastiki lililopashwa moto na kukunjuliwa, kwa Sh1,500. Mzito kidogo mkononi, lakini niliwaona wawili wanaolivaa na hawakulalamika. Chaki nayo ilipata gango lake, kama nitakavyoita: kipande cha mpira wa maji cha sentimita 8 kilichokatwa kwa kisu, chaki ikachomekwa ndani. Bei yake ni bure.

Jumamosi moja kati ya kila mbili kituo huwapeleka wagonjwa wanaotaka baharini, upande wa Bamburi, kwa Sh500 bila nauli. Saa hupangwa kwa kufuata maji, si kwa kufuata ofisi: huingia maji yakiwa yanajaa na kufika nusu, wakati ufuo umefunikwa lakini mtu bado anaweza kusimama. Mwamba ulio mbali huvunja mawimbi, na ndani huwa kama bwawa. Maji yakikufika kiunoni miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wako, na yakikufika kifuani hubeba kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana mama mmoja wa Kibokoni ambaye magoti yake yamechakaa, na ambaye nchi kavu hutembea kwa mkongojo, alipiga hatua 60 huku akisimulia harusi ya mjukuu wake bila kukata pumzi. Bwawa la tiba hupashwa joto mpaka nyuzi 33 au zaidi, joto ambalo bahari yetu haifiki hata kaskazi. Ilhali wakati wa kusi hupoa zaidi, na siku moja mimi nilitoka nikiwa nimekakamaa kuliko nilivyoingia. Chukua viatu vya mpira kwa ajili ya mawe, na vazi la stara lisilokunywa maji mengi, kwa sababu dera lililolowa ni mzigo mwingine wa kilo kadhaa.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kubwa kiasi cha kuchekesha: kituo cha wagonjwa wa magoti, nyonga na vifundo kiko ghorofa ya kwanza, ngazi 22, na lifti ya jengo haikufanya kazi hata siku moja katika wiki 12. Nimemwona mzee mwenye jongo, ugonjwa unaopenda kushika kidole gumba cha mguu na unaoletwa na chembe za asidi ya yuriki kujikusanya kiungoni, akipandishwa na wanawe wawili kama kiti cha harusi. Wenye kituo wanasema kodi ya chini ni mara mbili. Inawezekana, lakini basi wawe na chumba kidogo chini cha kumpimia asiyeweza kupanda.

La pili ni kitasa cha mlango wa choo. Ni cha duara, cha kuzungusha, kile hasa ambacho ndani ya jiko wanatufundisha tukiondoe majumbani mwetu na kuweka cha kukandamiza kwa kiwiko. Nimewahi kubaki ndani kwa dakika nne.

La tatu ni saa. Wagonjwa wapya hupewa miadi ya saa mbili asubuhi, wakati ambao mtu wa baridi yabisi bado anajadiliana na vidole vyake juu ya kushika mswaki, na wale wanaovuka feri kutoka Likoni huwa wametoka nyumbani alfajiri. Niliomba saa nne nikaambiwa nisubiri mwezi mmoja. Zaidi ya hayo hawatoi ripoti ya maandishi kwa daktari mpaka uiombe, na nilipoiomba ilichukua siku tisa, ikakosa treni yangu.

Kwa jumla nimelipa karibu Sh40,000, pamoja na gango na bahari, zote kutoka mfukoni mwangu. Si fedha ndogo. Asiyeweza kiasi hicho namshauri alipie upimaji na vikao vitano au sita vya jikoni, aache mashine zote, ajifunze mazoezi na kuyafanya nyumbani, kwa kuwa wao wenyewe hawamfichi mtu kitu na hukuandikia kila zoezi kwa mchoro. Hospitali za umma nazo zina idara za fiziotherapia kwa gharama ndogo zaidi; kinachokosekana mara nyingi huko ni muda wa kuuliza swali lile la "jana mikono yako ilifanya nini". Na anayetafuta mahali pa kumwezesha kuacha dawa asiende, kwa sababu siku ya kwanza atapangishwa pakiti zake mezani na kuulizwa siku.

Wiki ya 12 nilipimwa tena. Mkanda wa presha ulifika 112 mkono wa kulia na 96 wa kushoto, na nilisimama kutoka kitini mara 13. Sitawapa kituo sifa zote hizo, maana wiki ya tatu daktari wangu aliongeza kipimo cha dawa, na hakuna wa kunigawia ni tarakimu ngapi za huyu na ngapi za yule. Buibui nalifunga mwenyewe vifungo vyote. Chaki haijaanguka muhula huu.

Miadi yangu inayofuata ni baada ya miezi mitatu, saa nne asubuhi, kwani hatimaye wameikubali. Meneja ameniandikia kwamba kitasa kimeshanunuliwa. Nitakapofika nitapanda ngazi 22, nitapumzika, kisha nitakwenda kukitazama kabla ya kusalimia mapokezi.